Mzee Amevunjika Nyonga: Namna ya Kulinganisha Njia za Upasuaji Kabla ya Kutia Saini

Mzee akianguka bafuni alfajiri na kushindwa kunyanyuka, huku mguu mmoja ukionekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje, mara nyingi jamaa hutambua hata kabla ya eksirei kwamba nyonga imevunjika. Wasichokijua ni kwamba nyonga huvunjika kwa namna nyingi, na kwamba jirani aliyewekewa skrubu tatu akapona hawezi kuwa kipimo cha mama yenu, ambaye huenda anahitaji kubadilishiwa kichwa kizima cha fupa la paja. Mwongozo huu nimewaandikia jamaa wanaokaa kwenye benchi la wodi ya mifupa wakiwa na fomu ya ridhaa mkononi, pamoja na matabibu na wauguzi wa vituo vidogo wanaoulizwa maswali hayohayo kabla ya kutoa rufaa. Hauchukui nafasi ya daktari bingwa aliyeiona picha na kumpima mgonjwa, bali unakusaidia kumwelewa anapoeleza na kumuuliza pale usipoelewa.

Kuna swali moja ambalo nitalirudia katika kila hatua, nalo ni hili: baada ya operesheni hii, mgonjwa atakanyaga lini? Kwa kijana swali hilo linaweza kusubiri. Kwa mzee ndilo la kwanza, kwa sababu kinachomuua mzee aliyevunjika nyonga mara nyingi si mfupa wenyewe bali kitanda: nimonia, vidonda vya kulalia, damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, maambukizi ya njia ya mkojo, na kule kuchanganyikiwa kunakomfanya asiwatambue wanawe. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba takriban mzee mmoja kati ya kila watano hadi mmoja kati ya watatu hufariki ndani ya mwaka mmoja baada ya kuvunjika nyonga. Operesheni inayomwacha mzee akikatazwa kukanyaga kwa miezi miwili haijamtibu ipasavyo, hata kama picha ya eksirei inapendeza.

Hatua ya kwanza: jua mfupa umevunjikia wapi

Omba uonyeshwe picha, na usiridhike na maneno "amevunjika nyonga" peke yake. Ziwe picha mbili, moja ya mbele inayoonyesha nyonga zote mbili ili uweze kulinganisha na upande mzima, na nyingine ya ubavuni. Ukiielekeza picha kwenye mwanga wa dirisha, utaona juu kabisa mpira mweupe ulioingia kwenye kikombe cha nyonga: hicho ni kichwa cha fupa la paja. Chini yake kuna sehemu nyembamba inayoshuka kwa mshazari, nayo ni shingo. Shingo inaishia kwenye nundu mbili, kubwa kwa nje na ndogo kwa ndani, ambazo misuli mikubwa ya paja na ya matako imejishikiza kwazo. Baada ya hapo fupa linashuka moja kwa moja kama nguzo.

Kichwa na shingo vimo ndani ya mfuko wa kiungo, na jambo hili ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata. Kichwa kinalishwa hasa na mishipa midogo ya damu inayopanda ikiwa imelalia shingo, kama embe linavyolishwa kupitia kikonyo. Shingo ikivunjika na vipande vikaachana, mishipa ile huchanika au hupindika, na kichwa kinaweza kufa pole pole hata kama skrubu zimekaa mahali pake sawasawa. Kinyume chake, mfupa ukivunjikia kati ya nundu kubwa na ndogo, nje ya mfuko wa kiungo, damu ipo tele na mfupa huunga karibu kila mara. Tatizo la hapo ni kwamba misuli huvuta vipande huku na huku, hivyo mfupa usiposhikiliwa vizuri huunga ukiwa umepinda na kufupika. Eneo la tatu ni sentimita tano za kwanza chini ya nundu ndogo, ambako mfupa hubeba mkazo mkubwa mno na vyuma dhaifu huvunjika.

Wakati mwingine picha haionyeshi ufa wowote ilhali mzee hawezi kukanyaga na anaumia kinenani kila mguu unapogeuzwa. Msimrudishe nyumbani kwa kuwa "picha ni safi". Aombewe kipimo cha CT au MRI, yaani picha za kina zaidi kuliko eksirei, na visipopatikana basi apumzishwe na picha irudiwe baada ya siku chache. Nimeona ufa ambao haukuwa umesogea ukageuka kuwa mvunjiko kamili ndani ya wiki moja, kwa sababu mgonjwa aliambiwa ajikaze na kutembea, na operesheni ambayo ingekuwa ya nusu saa ikawa kubwa mara tatu.

Hatua ya pili: uliza kama vipande vimesogea, na kama vitatulia

Kwa mvunjiko wa shingo, madaktari wengi hutumia madaraja manne yaliyopendekezwa na daktari Mwingereza Robert Garden mwaka 1961. Kwa anayefanya uamuzi yanatosha makundi mawili tu: daraja la kwanza na la pili, ambapo vipande havijasogea, na la tatu na la nne, ambapo vimesogea. Uliza kwa maneno hayo hayo, "umesogea au haujasogea?", na jibu lake litaondoa nusu ya njia zilizopo mezani.

Kwa mvunjiko wa kwenye nundu swali ni tofauti kidogo, yaani kama mfupa ukisharudishwa mahali pake utatulia wenyewe au utateleza. Hautulii ikiwa nundu ndogo imekatika kwa kipande kikubwa, ikiwa ukuta wa nje wa fupa ni mwembamba au umepasuka, au ikiwa mstari wa mvunjiko umekwenda kinyume, yaani unaanzia karibu na nundu ndogo ndani na kushuka kuelekea nje. Mstari huo wa kinyume ukumbuke, kwa maana ndio unaowaponza wanaochagua chuma kwa mazoea.

Hatua ya tatu: mweleze daktari jinsi mgonjwa alivyokuwa kabla ya kuanguka

Hapa daktari anawategemea ninyi zaidi ya mashine yoyote. Mwelezeni kama alikuwa akienda sokoni au msikitini peke yake, kama alitumia mkongojo, kama alihitaji kushikwa mkono kwenda chooni, kama kumbukumbu yake imeanza kupotea, na kama nyonga hiyohiyo ilikuwa ikimuuma kabla ya ajali. Mtajieni kila ugonjwa na kila dawa, hasa za kuzuia damu kuganda. Umri wa miaka 60 hadi 65 hutumika kama mpaka wa kukadiria tu, kwa kuwa yupo mkulima wa miaka 70 mwenye mifupa migumu na pumzi za kutosha, na yupo mgonjwa wa figo wa miaka 50 ambaye mfupa wake haushiki skrubu.

Hatua ya nne: linganisha njia zinazofaa mvunjiko huo, si njia zote

Tuanze na shingo ambayo haijasogea. Njia ya kawaida ni skrubu tatu zinazopitishwa sambamba kupitia kidonda kidogo ubavuni, zikiwa zimepangwa kama pembetatu iliyosimama kwa ncha yake. Damu inayopotea ni kidogo, operesheni ni fupi, na mgonjwa anabaki na kichwa chake cha asili cha fupa. Udhaifu wake ni kwamba shingo hufupika kadiri inavyounga, skrubu huweza kurudi nyuma na kuchokonoa misuli, na baadhi ya wagonjwa hulazimika kurudi chumba cha upasuaji. Mbadala wake ni skrubu moja nene inayoteleza ndani ya mrija wa bamba lililofungwa ubavuni mwa fupa. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2017, uliolinganisha njia hizi mbili kwa zaidi ya wagonjwa 1,000 wenye miaka 50 na kuendelea, ulikuta kwamba waliorudi kupasuliwa ndani ya miaka miwili walikuwa takriban asilimia 20 kwa bamba na asilimia 22 kwa skrubu, tofauti isiyo na uzito. Kufa kwa kichwa cha fupa kulikuwa kwingi kidogo kwa waliowekewa bamba, ilhali wavutaji sigara na wenye mvunjiko wa chini kabisa ya shingo walielekea kufaidika nalo. Kwa hiyo daktari akipendekeza moja kati ya hizi mbili kwa mzee ambaye shingo yake haijasogea, hakuna sababu ya kubishana naye. Elekezeni nguvu kwenye kuuliza kama ataruhusiwa kukanyaga, jambo ambalo kwa wazee wengi wa kundi hili linawezekana.

Shingo iliyosogea kwa kijana, mathalani dereva wa bodaboda wa miaka 28, ni jambo la dharura. Kichwa cha fupa lake kinapaswa kuokolewa, kwa kuwa nyonga bandia itachakaa naye akiwa bado na miaka mingi ya kuishi. Mfupa unarudishwa mahali pake sawasawa, hata ikibidi kufungua kiungo, kisha unakazwa. Mstari wa mvunjiko ukiwa umesimama sana, zaidi ya nyuzi 50 kutoka mlalo, skrubu tatu peke yake huteleza kwa urahisi, na madaktari wengi huchagua bamba lenye skrubu nene pamoja na skrubu nyingine ya kuzuia kichwa kisizunguke. Chuma chochote kitakachotumika, kukosea kuurudisha mfupa mahali pake hakuponywi na ubora wa chuma. Kijana huyu atakatazwa kukanyaga kikamilifu kwa wiki kadhaa, na mwili wake unaweza kulistahimili hilo.

Shingo iliyosogea kwa mzee ndiyo inayozua mabishano mengi kwenye mabenchi ya wodi, kwa sababu jamaa huona kukata na kuondoa kichwa cha fupa ni ukatili, na skrubu ni njia ya upole. Ukweli uko kinyume. Skrubu kwa mzee mwenye shingo iliyosogea hushindwa mara nyingi, ama kwa mfupa kukataa kuunga ama kwa kichwa kufa, na operesheni ya pili humkuta akiwa dhaifu zaidi. Kumbadilishia kichwa humwezesha kukanyaga kwa uzito wote siku inayofuata, na kwa maoni yangu hoja hiyo peke yake inatosha.

Linalobaki ni kuchagua kati ya nusu nyonga, ambapo kinabadilishwa kichwa tu na kikombe cha asili kinabaki, na nyonga nzima, ambapo vyote viwili vinabadilishwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa wapatao 1,500 waliokuwa wakitembea wenyewe kabla ya ajali, ulionyesha kwamba ndani ya miaka miwili waliohitaji operesheni nyingine walikaribiana, asilimia 7.9 kwa nyonga nzima na asilimia 8.3 kwa nusu. Waliowekewa nyonga nzima walitembea vizuri kidogo zaidi, lakini kuteguka kwa kiungo kulikuwa kwingi kwao. Nyonga nzima ni ghali zaidi na huchukua muda mrefu zaidi mezani. Ningeiomba kwa mzee mwenye nguvu, anayetembea mbali, na hasa ambaye kiungo chake kilikuwa kimechakaa tangu awali. Kwa aliyekuwa akitembea ndani ya nyumba tu, au aliyepoteza kumbukumbu na hawezi kufuata maelekezo ya kutoinama sana, nusu nyonga inamtosha kabisa, na jamaa wasijione wamemnyima mzazi wao kitu.

Ulizeni pia kuhusu saruji ya mifupa. Chuma kinachopachikwa kwa saruji hushikana na fupa papo hapo, na utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022 kwa wagonjwa 1,225 ulionyesha kwamba waliowekewa saruji walikuwa na maisha bora zaidi miezi minne baadaye, na fupa kupasuka kandokando ya chuma kulitokea kwa asilimia 0.5 yao, ikilinganishwa na asilimia 2.1 kwa wasiowekewa. Saruji ina hatari yake, kwani wakati inaposindiliwa presha ya damu huweza kushuka ghafla, hivyo daktari wa usingizi anapaswa kujua mapema kama mgonjwa ana tatizo la moyo au mapafu. Chuma cha Austin Moore, aina ya nusu nyonga iliyobuniwa katikati ya karne iliyopita na ambacho kwa kawaida hupachikwa bila saruji, bado kinatumika katika hospitali nyingi kwa sababu ya bei yake ndogo. Mwongozo wa kitaifa wa tiba wa Uingereza haukipendekezi tena. Kikiwa ndicho pekee kilichopo, bado ni bora kwa mzee kuliko kulala kitandani, lakini kikiwepo cha saruji chenye muundo wa kisasa, kiombeni hicho.

Sasa mvunjiko wa kati ya nundu unaotulia. Hapa ile skrubu nene yenye bamba ndiyo kipimo ambacho njia nyingine zote hulinganishwa nacho, na inafaa kuielewa inavyofanya kazi. Skrubu imekaa ndani ya kichwa, mkia wake ukiwa ndani ya mrija wa bamba, na haikufungwa humo bali inateleza. Mgonjwa anapokanyaga, uzito wake unaisukuma skrubu irudi ndani ya mrija kwa milimita chache, na vipande vya mfupa vinabanana na kushikana. Kukanyaga kwenyewe kunasaidia mfupa kuunga, na ndiyo maana kumzuia mgonjwa wa aina hii asikanyage ni kumnyima dawa. Chuma hiki ni cha bei nafuu kuliko msumari wa ndani, yaani unaopita ndani ya uboho wa fupa, na kwa mvunjiko unaotulia msumari haujaonyesha faida inayostahili gharama ya ziada.

Kinachoamua kama skrubu itadumu ni mahali ncha yake ilipofika. Mwaka 1995 daktari Mmarekani Michael Baumgaertner na wenzake walionyesha kwamba umbali kutoka ncha ya skrubu hadi kilele cha kichwa, ukipimwa kwenye picha ya mbele na ya ubavuni na kujumlishwa, ukiwa chini ya milimita 25, skrubu ni nadra kutoboa kichwa. Hilo linahusu msumari pia. Baada ya operesheni mna haki ya kuuliza kwa adabu, "Daktari, ncha imekaa vizuri kwenye picha zote mbili?"

Mvunjiko usiotulia, wa mstari wa kinyume, au wa chini ya nundu ndogo, unataka msumari unaopita ndani ya uboho wa fupa, huku skrubu yake ikipanda kuelekea kichwani. Kwa kuwa umekaa katikati ya fupa, karibu zaidi na mstari wa uzito wa mwili, haupindwi kwa nguvu kama bamba lililo pembeni. Kwa mstari wa kinyume bamba la kuteleza ni kosa, kwani kila hatua mgonjwa anayopiga inavitenganisha vipande badala ya kuvibananisha. Msumari nao una madhara yake: fupa huweza kupasuka kwenye ncha yake ya chini, hasa msumari mfupi wa miundo ya zamani, na kuuweka kwa kawaida kunahitaji mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji, ile yenye mkono mkubwa uliopinda. Shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 katika mji wa Richland nchini Marekani, lilibuni misumari inayoweza kufungwa bila mashine hiyo na huitoa kwa hospitali za nchi zenye uwezo mdogo, zikiwemo za Tanzania na Kenya. Lina pia aina iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya nyonga, hivyo inafaa kuulizia.

Mwisho kuna uzito wa kuvuta mguu kitandani. Kama tiba kamili, humlaza mgonjwa wiki nane hadi kumi na mbili. Kwa mvunjiko wa nundu mfupa unaweza kuunga, japo kwa kufupika, lakini kwa shingo iliyosogea hauungi. Njia hii ibaki kwa ambaye hawezi kabisa kupasuliwa. Kwa aliye mahututi ambaye familia imekubaliana na madaktari kumtunza tu, dawa za kutosha za maumivu na kugeuzwa kila baada ya saa mbili vina maana zaidi kuliko uzito ulioning'inizwa. Mhazigi anayekanda na kufunga vijiti huweza kumsaidia mtu aliyevunjika mkono, lakini nyonga haishikiki kwa vijiti, na kila siku inayopotea kwake inalipwa na mgonjwa.

Hatua ya tano: linganisha njia hizo na hospitali mliyopo

Ulizeni kama mashine ya eksirei ya upasuaji inafanya kazi wiki hii, kama vyuma vya saizi zote vipo au vinanunuliwa dukani kwa kipimo kimoja kimoja, kama damu imeandaliwa, na daktari ameizoea njia ipi. Bamba lililowekwa na mtu anayeliweka kila wiki ni salama kuliko msumari anaoushika kwa mara ya pili, isipokuwa kwa mstari wa kinyume na mvunjiko wa chini ya nundu, ambapo ni heri kuomba rufaa mapema.

Hatua ya sita: pima kila chaguo kwa saa, si kwa fedha tu

Lengo ni mzee apasuliwe siku anayofika au inayofuata. Utafiti wa nchi 17 uliochapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa 2,970, ulilinganisha waliopasuliwa takriban saa sita baada ya kugundulika na waliopasuliwa takriban saa 24 baada ya kugundulika: vifo havikutofautiana, lakini kati ya waliowahi waliochanganyikiwa walikuwa wachache zaidi, na walisimama mapema. Familia inayokaa siku kumi ikichangishana ili kupata nyonga nzima, wakati nusu nyonga inapatikana kesho, inanunua chuma kizuri kwa mgonjwa aliyekwisha kuchoka. Wakati wa kusubiri apewe dawa za maumivu na, inapowezekana, sindano ya ganzi ya kinenani. Ama kuhusu ganzi ya mgongo au nusu kaputi, utafiti wa mwaka 2021 kwa wagonjwa 1,600 haukuona tofauti ya maana katika kutembea wala katika vifo siku 60 baadaye, kwa hiyo mwachieni daktari wa usingizi achague.

Hatua ya saba: fuatilieni baada ya operesheni

Hakikisheni maelekezo ya kukanyaga yameandikwa kwenye faili, si kusemwa tu, kwa kuwa muuguzi wa zamu ya usiku na mtaalamu wa mazoezi ya viungo wote watayafuata. Siku inayofuata mzee aketishwe kitini na kusimamishwa kwa fremu ya kutembelea. Mguu ukifupika tena, maumivu mapya ya kinena yakianza baada ya siku nzuri, au kidonda kikitoa majimaji, rudini bila kungoja kliniki.

Ombeni pia tiba ya udhaifu wa mifupa, ambayo husahaulika karibu kila mahali. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, sindano ya asidi ya zoledroniki ya mara moja kwa mwaka, iliyoanzwa ndani ya siku 90 baada ya operesheni ya nyonga, ilipunguza mivunjiko mipya kwa asilimia 35 na vifo kwa asilimia 28. Kabla ya kuidunga figo zipimwe, na upungufu wa vitamini D na kalsiamu urekebishwe.

Picha za eksirei hurudiwa kwa kawaida baada ya wiki sita, miezi mitatu, sita na kumi na miwili. Aliyewekewa skrubu au bamba kwenye shingo ya fupa aendelee kufuatiliwa hadi miaka miwili, kwa sababu kichwa cha fupa huweza kuanza kufa wakati mfupa umekwisha kuunga na mgonjwa amesharudi shambani. Zile picha za kwanza, za siku ya ajali na za baada ya operesheni, zitunzeni kwenye bahasha mahali pakavu ndani ya nyumba na mzibebe kila kliniki, kwani bila hizo daktari atakayemwona mwaka wa pili hatakuwa na cha kulinganisha nacho.